Je, kidonge cha thairoidi ndicho kimenilia mifupa?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Nina miaka 63. Nilipokuwa na miaka 46 niligundulika tezi yangu ya shingo haifanyi kazi vizuri, nikaanzishiwa levothairoksini mikrogramu 125 kila siku, na nimemeza mpaka leo. Wakati ule nilikuwa na kilo 82, sasa nina 66. Hedhi ilikoma nikiwa na miaka 51. Miezi miwili iliyopita nilipimwa mifupa, nikaambiwa nyonga ni -2.1 na mgongo ni -1.4. Damu iliyopimwa siku hiyo ilionyesha TSH 0.06, mwaka jana ilikuwa 0.1 na miaka mitatu nyuma 0.3. Daktari wangu ameniandikia nishuke hadi 100 lakini sijaanza, kwa sababu niliwahi kupunguziwa zamani nikachoka sana, nikarudi mwenyewe kwenye 125. Wifi yangu anasema dawa hizi zinakula mifupa, niziache kabisa ninywe kalsiamu. Kalsiamu nimeshaanza, naimeza asubuhi pamoja na kidonge cha thairoidi ili nisisahau. Tangu mwanzo wa mwaka natumia pia vidonge vya kuimarisha nywele. Usiku moyo hunienda mbio, lakini nadhani ni mambo ya umri. Nifanye nini?

JIBU:

Shikamoo mama, na asante kwa kuniandikia. Umenirahisishia kazi kwa kuleta namba pamoja na miaka yake, maana swali la "dawa hii ina madhara?" halijibiki bila namba.

Nianze na jibu lenyewe, usije ukasoma yote haya ukiwa na wasiwasi. Usiache kidonge cha thairoidi. Anza hiyo dozi ya 100 uliyoandikiwa. Kwa ninavyoziona namba zako, daktari wako yuko sahihi. Kalsiamu unaweza kuendelea nayo, ila isimezwe pamoja na kidonge cha thairoidi. Na hivyo vidonge vya nywele vinahitaji kusimamishwa kwa muda kabla hujapimwa tena damu, kwa sababu nitakayoieleza hapo chini.

Sasa twende kwa wifi yako. Hajakosea kabisa. Homoni ya thairoidi inapozidi mwilini mifupa hupungua, na jambo hilo limejulikana tangu mwaka 1891, pale daktari Mjerumani Friedrich von Recklinghausen alipoeleza mifupa ya mwanamke kijana aliyefariki kwa ugonjwa wa tezi kufanya kazi kupita kiasi. Alikuwa amevunjika sehemu kadhaa, na mifupa yake mirefu ilionekana kama iliyotobolewa na wadudu. Lakini mwaka huohuo, huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alianza kumtibu mwanamke wa miaka 46, umri uleule uliogundulika wewe, ambaye tezi yake ilikuwa imekufa. Alimdunga majimaji yaliyotolewa kwenye tezi za kondoo. Mama yule, aliyekuwa akififia siku hadi siku, aliinuka na kuishi miaka mingine 28. Homoni ni hiyohiyo moja. Wifi yako anaijua habari ya yule mgonjwa wa kwanza tu.

Levothairoksini unayomeza si kitu kigeni kwa mwili. Ni umbo lilelile la homoni ambalo tezi yako ingelitengeneza kama ingekuwa nzima, na ini, moyo, ubongo na mifupa yako haviwezi kutofautisha ya kidonge na ya tezi. Kwa hiyo kinachoamua kama mfupa utaumia ni kiasi kilichomo kwenye damu, na kiasi hicho tunacho namna ya kukipima.

Ukiacha kabisa, kuna mtego mmoja. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu: inachukua takriban siku 7 kwa nusu yake kuondoka. Wiki ya kwanza na ya pili baada ya kuacha hutasikia lolote, pengine utajiona mwepesi, moyo umetulia, na wifi atasema "si nilikwambia?" Kisha polepole uchovu unaingia, baridi isiyoisha, choo kigumu, uso kuvimba, sauti kukwaruza, lehemu kwenye damu kupanda, moyo kwenda taratibu kupita kiasi. Nimewaona wagonjwa waliofika hospitalini hawajitambui baada ya kuacha dawa hii kwa miezi. Tena tezi ikilala hivyo mfupa nao hauneemeki, kwa sababu kazi ya kuukarabati inasuasua.

Ukarabati huo ndio kiini cha swali lako, basi niueleze kidogo. Mfupa ni kitu hai. Muda wote kuna seli zinazobomoa vipande vidogo vya mfupa mkongwe, na nyuma yake zinafuata seli nyingine zinazojenga upya palepale na kutia madini. Kwa mtu mwenye homoni za kawaida, mzunguko mmoja huchukua kama siku 200, na sehemu kubwa ya muda huo ni ya kujenga. Kubomoa ni kazi ya wiki chache tu. Tezi ikilala, mzunguko unaweza kurefuka hadi siku kama 700. Homoni ikizidi sana, unafupishwa karibu nusu, na muda unaopunjwa zaidi ni wa ujenzi. Wabomoaji wanamaliza kazi yao vizuri, wajenzi hawapewi nafasi ya kumaliza yao. Imekadiriwa kwamba kwa mtu mwenye ugonjwa mkali wa thairoidi usiotibiwa, kila mzunguko huacha pengo la karibu asilimia 10 ya mfupa uliokuwapo mahali pale. Wewe huna ugonjwa mkali wa namna hiyo. Una ziada ndogo, lakini imedumu miaka.

Na imekukuta wakati mbaya. Kabla hedhi haijakoma, estrojeni ndiyo huwazuia wabomoaji wasizidishe. Ndiyo maana tafiti zilizojumlishwa katika miaka ya 1990 zilipata tofauti kubwa kati ya makundi mawili ya wanawake wanaotumia dozi kubwa ya homoni ya thairoidi: wale ambao bado wanapata hedhi hawakuonekana kupoteza mfupa wa kupimika, ilhali wale ambao hedhi imekoma walipoteza takriban asilimia 1 ya ziada kila mwaka, juu ya ile ambayo umri unachukua wenyewe. Asilimia 1 inasikika ndogo. Zidisha kwa miaka kumi na mbili uliyokaa tangu hedhi ikome, kumbuka pia kwamba miaka ya mwanzo baada ya ukomo wa hedhi mwanamke hupoteza asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka hata asipokuwa na tatizo lolote, utaona kwa nini naipa uzito TSH yako. Sidai kwamba miaka yote hiyo ulikuwa na ziada. Namba ninazozijua zinaanzia miaka mitatu nyuma.

TSH yenyewe huwachanganya watu wengi kwa sababu inakwenda kinyume. Haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, na kazi yake ni kuiamrisha thairoidi itoe homoni. Ni kama msimamizi wa kazi: vibarua wakilegea anapaza sauti, wakizidisha ananyamaza. TSH ya juu maana yake homoni ni pungufu. TSH ya chini maana yake homoni imezidi. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya 0.4 na 4.0. Yako imeshuka kutoka 0.3 hadi 0.1 hadi 0.06, yaani msimamizi amekuwa akinyamaza zaidi kila mwaka huku wewe ukimeza kidonge kilekile. Nimekutana na wagonjwa waliosoma 0.06 kwenye karatasi wakadhani "thairoidi iko chini", wakaomba kuongezewa dawa. Ni kinyume kabisa.

Je, 0.06 ni ya kutisha? Kwa mwanamke aliyevuka ukomo wa hedhi, ni ya kushughulikiwa, si ya kupuuza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, uliowafuatilia wanawake waliozidi miaka 65, uliona kwamba waliokuwa na TSH ya 0.1 au chini yake walivunjika nyonga zaidi ya mara tatu, na pingili za uti wa mgongo zaidi ya mara nne, wakilinganishwa na wenye TSH ya kawaida. Mwaka 2015 watafiti walikusanya takwimu za watu 70,298 kutoka tafiti 13 katika nchi mbalimbali. Picha ikawa tulivu kidogo lakini ileile: TSH ya chini iliongeza hatari ya kuvunjika nyonga kwa takriban theluthi moja, na ikiwa chini ya 0.1 hatari ilipanda kwa asilimia kama 60. Hapohapo waliangalia pia watu ambao TSH yao iko juu kidogo, yaani homoni inaelekea kupungua, na hao hawakuvunjika zaidi ya wengine. Kwa mifupa, kosa la kuzidisha ni baya kuliko kosa la kupunguza kidogo, na mimi huliweka jambo hilo mbele kila ninapochagua dozi ya mwanamke wa umri wako.

Kuna utafiti wa tatu nao, wa Ontario, Kanada, mwaka 2011, uliohusu watumiaji wa levothairoksini zaidi ya 213,000 wenye miaka 70 na kuendelea. Waliokuwa kwenye dozi kubwa, zaidi ya mikrogramu 93 kwa siku, walivunjika zaidi ya mara tatu kuliko waliokuwa kwenye dozi ndogo, chini ya 44. Utafiti wa aina hii hauwezi kuthibitisha kwamba dozi pekee ndiyo iliyowavunja, maana mwenye dozi kubwa anaweza kutofautiana na mwenzake kwa mengi mengine. Ila unatuambia kwamba dozi iliyomfaa mtu ujanani inahitaji kuhojiwa anapozeeka.

Hapo ndipo penye hadithi yako. Mtu ambaye tezi yake imelala kabisa huhitaji kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Ulipokuwa na kilo 82, hesabu hiyo ilitoa 131, kwa hiyo 125 ilikuwa dozi ya busara. Kwa kilo 66 hesabu inatoa 106. Juu yake ongeza kwamba kadiri umri unavyokwenda mwili huitumia na kuiondoa homoni polepole zaidi, hivyo mahitaji hushuka hata uzito usipobadilika. Mikrogramu 100 ni makadirio mazuri ya kuanzia. Hakuna aliyekosea kukuandikia 125 miaka kumi na saba iliyopita. Kilichokosekana ni mtu wa kuirekebisha ulivyokuwa ukipungua. Tena kupungua kwenyewe huenda kulichangiwa na homoni iliyozidi.

Moyo kwenda mbio usiku usiuite umri. Jasho, usingizi wa mang'amung'amu, moyo kudunda, wasiwasi usio na sababu: dalili za ukomo wa hedhi na za homoni ya thairoidi kuzidi zinafanana kiasi kwamba mama mwenyewe hawezi kuzitenganisha, na daktari naye hukosea. Wewe hedhi imekoma miaka 12 iliyopita, kwa hiyo mimi naielekeza lawama kwenye dozi kwanza. Mwombe daktari akupime moyo kwa kipimo cha umeme, ECG, hata kama mchana huusikii. Utafiti maarufu wa Framingham ulionyesha mwaka 1994 kwamba watu waliozidi miaka 60 wenye TSH ya 0.1 au chini walikuwa na hatari mara tatu, ndani ya miaka kumi, ya kupata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambayo yanaweza kuleta kiharusi.

Kuna jambo la misuli pia, na halizungumzwi vya kutosha. Homoni ikizidi hulegeza misuli mikubwa ya mapaja na mabega. Jaribu hivi leo: kaa kwenye kiti cha kawaida kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, kisha inuka bila kujisukuma. Rudia mara tano. Ukilazimika kujishika au kujirusha mbele ili upate mwendo, mwambie daktari wako. Nyonga huvunjika mtu anapoanguka, na anayeanguka mara nyingi ni yule ambaye mapaja yamelegea.

Sasa hofu yako ya uchovu. Siipuuzi, ulichokisikia mara ya kwanza kilikuwa cha kweli kwako. Lakini hukuniambia kama TSH ilipimwa wakati ule, na nadhani haikupimwa. Mwili uliozoea ziada huilalamikia hali ya kawaida kwa wiki kadhaa, na watu wengi hukata tamaa katikati ya wiki hizo. Mwaka 2018 kulichapishwa utafiti wa Marekani wa kuvutia: watu 138 wanaotumia levothairoksini waligawiwa dozi tofauti bila kuambiwa nani amepata ipi. Mwishoni hawakuweza kutambua dozi yao ilikuwa imepandishwa au imeshushwa. Walichofanya ni kuipenda ile waliyodhani ni kubwa, hata kama dhana yenyewe ilikuwa si kweli. Ninalokuomba ni hili: shuka, vumilia wiki 6 hadi 8, upime TSH, halafu tujadili uchovu tukiwa na namba mezani. Ukiona kushuka kutoka 125 hadi 100 ni hatua kubwa mno, mwombe daktari mpitie 112 kwanza. Itachelewesha kidogo, lakini ni afadhali hatua ndogo utakayoifuata kuliko kubwa utakayoirudia nyuma kimyakimya.

Kalsiamu. Hapa kuna kitu ambacho hukukitarajia. Kalsiamu ikikutana na levothairoksini tumboni huishika na kuizuia isiingie kwenye damu. Madini ya chuma hufanya vivyo hivyo. Ndiyo sababu tunasema kati ya kidonge cha thairoidi na kalsiamu upite muda wa saa nne. Kwa miezi hii miwili, basi, umekuwa ukimeza 125 lakini hujui ni kiasi gani kimeingia. TSH yako ya 0.06 ilipimwa kabla hujaanza kalsiamu, kwa hiyo namba hiyo haijachezewa. Lakini zingatia: ukizitenganisha leo huku umebaki kwenye 125, homoni inayoingia itaongezeka na mifupa itapata hasara zaidi. Fanya mambo mawili siku moja. Shusha dozi, na tenganisha vidonge. Kama ungefanya moja ukaacha jingine, kipimo kijacho kingetusomea kitu tusichokielewa.

Utaratibu unaofaa wengi ni kidonge cha thairoidi saa 12 asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, kisha kusubiri nusu saa au zaidi, ikiwezekana saa nzima, kabla ya kifungua kinywa na hasa kabla ya kahawa. Kalsiamu ingojee chakula cha mchana au cha jioni, na ile ya aina ya kaboneti huingia vizuri zaidi pamoja na chakula. Kama asubuhi yako ina msongamano, levothairoksini inaweza kumezwa usiku wakati wa kulala, ukiwa umepita muda wa saa tatu au zaidi tangu ule chakula. Ilishajaribiwa na inafanya kazi vizuri. Chagua wakati mmoja, usibadilishebadilishe.

Lakini kalsiamu haiwezi kufuta ziada ya homoni. Homoni inapozidi, kalsiamu hutoka mfupani ikaingia kwenye damu. Mwili ukiona damu ina kalsiamu ya kutosha, unapunguza homoni ya parathairoidi, ile inayosimamia kalsiamu kwenye damu, vitamini D haiamshwi vya kutosha, utumbo unapunguza kufyonza kalsiamu ya chakula, na ya ziada inapita kwenye mkojo. Maana yake unaongeza juu huku chini kunavuja. Ziba kwanza. Baada ya hapo lengo la mwanamke aliyezidi miaka 50 ni miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku, chakula na vidonge vikihesabiwa pamoja, na vitamini D yuniti 600 hadi 800. Kama chakula chako kinafikisha hapo, kidonge hukihitaji.

Vidonge vya nywele karibu vyote vina bayotini. Mwili unahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku. Vidonge hivyo huwa na 5,000 au hata 10,000. Haina sumu, lakini mashine nyingi za maabara hutumia bayotini katika upimaji wenyewe, na ikijaa kwenye damu yako zinatoa jibu la uongo: TSH inasomeka chini kuliko ilivyo na homoni inasomeka juu. Inawezekana 0.06 imechangiwa na hilo. Sidhani kama ndiyo sababu yote, kwa kuwa 0.1 ya mwaka jana na 0.3 ya kabla yake zilitangulia vidonge hivyo, na moyo wako nao unashuhudia. Simamisha siku tatu kabla ya kipimo kijacho, na umweleze mtu wa maabara. Nywele kukatika, tukiwa hapo, ni dalili inayoweza kuletwa na homoni ya thairoidi ikipungua na pia ikizidi, kwa hiyo huenda dozi mpya itakusaidia kuliko vidonge hivyo.

Turudi kwenye mifupa. Namba ya -2.1 inalinganisha nyonga yako na ya mwanamke kijana mwenye afya. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1994, kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua, na kuanzia -2.5 kwenda chini ndipo tunasema osteoporosisi. Hujafika huko. Kilichonivutia ni nyonga kuwa mbaya kuliko mgongo. Ziada ya thairoidi hupenda kushambulia mfupa mgumu wa nje, ambao ni mwingi kwenye nyonga na kwenye kigasha, kuliko ule wenye vitundu uliojaa kwenye pingili. Ila si ushahidi tosha: kwenye umri wetu wa kuelekea uzee, uti wa mgongo wenye mabadiliko ya yabisi husomeka mgumu kuliko ulivyo. Ukirudi kwenye mashine, mwombe mpimaji akupime na kigasha.

Namba hiyo peke yake pia haiamui kama unahitaji dawa ya mifupa. Daktari wako anaweza kutumia FRAX, kikokotoo cha Chuo Kikuu cha Sheffield kilichoanza mwaka 2008, kinachokadiria uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka kumi. Kitauliza umri, uzito, kama umewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo, kama mzazi wako alivunjika nyonga, sigara, pombe, dawa za kundi la steroidi. Yale uliyoniandikia hayatoshi kunijazia majibu hayo. Kabla ya kuilaumu thairoidi kwa kila kitu, apime pia kalsiamu, vitamini D, homoni ya parathairoidi na figo. Na kama tatizo lako la tezi lilitokana na kinga ya mwili kujishambulia, ambayo ndiyo sababu ya kawaida, aufikirie ugonjwa wa siliaki, yaani utumbo kudhurika kwa kula ngano, ambao hutembea na huo na huharibu ufyonzaji wa kalsiamu. Kwa kawaida siliaki humfanya mtu ahitaji levothairoksini nyingi zaidi, na wewe unahitaji kidogo, kwa hiyo mimi nisingeliweka jambo hilo mbele.

Ikiamuliwa uanze alendroneti, dawa ya mifupa inayomezwa mara moja kwa wiki, au ndugu zake, nazo zinataka tumbo tupu asubuhi, maji matupu, na kukaa au kusimama wima nusu saa. Siku hiyo moja ya wiki, meza ya mifupa kwanza, subiri angalau nusu saa, ndipo umeze ya thairoidi. Au hamishia ya thairoidi usiku, hutakuwa na mgongano wowote. Na kama siku moja utaanza vidonge vya estrojeni, dozi ya thairoidi inaweza kuhitaji kupanda, ukiviacha, inashuka. Estrojeni ya kubandika kwenye ngozi haina tabia hiyo.

Kwa wasomaji wengine wanaojiona humu: mliotolewa tezi kwa ajili ya saratani, msishushe dozi kwa kusoma jibu hili. Kwenu TSH ya chini inaweza kuwa imekusudiwa, ili seli za saratani zisipewe kichocheo. Lakini ulizeni kama bado inahitajika. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2015 iliruhusu TSH ya 0.5 hadi 2.0 kwa aliyekuwa na saratani ya hatari ndogo na ambaye vipimo vyake vimekuwa safi. Na wanaotumia unga wa tezi ya nguruwe, au vidonge vya kukonda visivyosema vina nini, wapimwe TSH wiki hii. Unga huo una homoni kali, T3, kwa uwiano mkubwa kuliko tezi ya binadamu inavyotoa, na baadhi ya vidonge vya kukonda vimekutwa na homoni ya thairoidi iliyofichwa.

Kwako, mama, kipimo kijacho kiwe wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza 100. TSH ikija kati ya 1 na 3 nitaridhika kabisa. Ikiwa bado chini ya 0.4, shukeni tena hadi 88. Ikipanda juu ya 4 na umechoka kweli, pandeni nusu ya hatua. Ila ukishavuka miaka 70, TSH ya 4 hadi 6 inakubalika, usikubali kuongezewa dozi kwa sababu ya namba hiyo tu. Ikitulia, mara moja kwa mwaka inatosha, na kila uzito unapobadilika kwa kilo kadhaa. Mfupa hurudisha sehemu ya ulichopoteza homoni ikirudi kawaida, lakini taratibu mno, kwa hiyo usikimbilie kupima baada ya miezi sita. Ngoja miaka miwili, na urudi kwenye mashine ileile, kwa sababu mashine mbili tofauti zinaweza kukupa tofauti kubwa kuliko mabadiliko yenyewe tunayoyatafuta.